"Sio Kansa" Haimaanishi Stori Imeisha

Wiki hii hakuna video ya kuchekesha. Hii ni ya kusoma na ni ndefu, kwa hivyo kaa chini.

Mwezi ujao nafikisha miaka 23. Kuna majamaa wawili hawakufika hapo, na nimekuwa nikiwafikiria sana siku hizi. Wa kwanza ni Charles Byrne wa Ireland. Alikuwa na urefu wa kama mita 2.3, na watu wa London walikuwa wanalipa kiingilio kumwangalia tu akiwa amesimama. Wa pili ni Robert Wadlow, Mmarekani wa mji wa Alton, jimbo la Illinois. Yeye alifika mita 2.72, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kupimwa rasmi akamzidi. Byrne alikufa 1783. Wadlow alikufa 1940. Kati yao kuna miaka 157, lakini wote wawili waliondoka wakiwa na miaka 22.

Shida yao ilianzia sehemu moja: tezi ndogo kama punje ya minji iliyo chini ya ubongo, nyuma kabisa ya pua. Inaitwa pituitari. Imekaa kwenye kishimo cha mfupa ambacho wataalamu wa zamani walikiita tandiko la Kituruki, kwa sababu kinafanana na kiti cha farasi. Tezi hiyo ndogo ndiyo inaambia mwili wako ukue, utoe maziwa, upate hedhi, uhimili mshtuko. Ni kama kondakta wa mat: haendeshi gari, lakini bila yeye hakuna anayejua ashukie wapi.

Mbona nimeingia hizi stori? Kwa sababu mathe ana uvimbe wa hiyo tezi.

Makasi

Mathe ni fundi wa cherehani. Kitu cha kwanza kubadilika kilikuwa makasi. Makasi aliyotumia miaka mingi yakaanza kumbana vidole, akadhani yamepinda. Akanunua mengine. Halafu pete ya ndoa ikakataa kutoka, ikabidi ikatwe. Viatu vikatoka namba 39 hadi 42. Sauti ikawa nzito. Wenzake wa chama walikuwa wanamtania, "Mama, pesa imekubali, unazidi kunenepa." Yeye anacheka. Usiku kichwa kinamuuma hadi analia.

Kwanza alitibiwa presha. Baadaye sukari. Kila hospitali ilitibu kipande chake. Miaka ikaenda. Siku moja daktari mmoja kijana, bado yuko mazoezini, alimwangalia usoni kwa muda, halafu akamuuliza, "Mama, una kitambulisho?" Mathe akadhani ni mambo ya bima. Yule daktari akaweka ile picha ya kitambulisho karibu na uso wake. Taya lilikuwa limekuwa refu, pua imepanuka, paji la uso limetokeza. Hakuna aliyekuwa ameona kwa sababu tulikuwa tunamwona kila siku.

Ule ugonjwa unaitwa akromegali. Uvimbe unamwaga homoni ya ukuaji bila breki. Ukianza ukiwa mtoto, unarefuka kama Byrne. Ukianza mifupa ikiwa imeshafunga, hurefuki. Unapanuka mikono, miguu, uso, na hata moyo.

Nilikuwa form two alipofanyiwa upasuaji. Harambee ilifanywa, shamba kidogo likauzwa. Daktari wa upasuaji alipotoka alisema maneno mawili: "Sio kansa." Manze, tulipiga nduru. Tukapika pilau. Alisema mambo mengine pia, kuhusu tembe za kila asubuhi na kliniki kila baada ya miezi kadhaa, lakini nani alikuwa anasikiliza? Sio kansa!

Miaka miwili iliyopita, nikiwa mwaka wa pili chuoni, nikapigiwa simu. Mathe alikuwa ametapika siku mbili na sasa haamki vizuri. Kumbe alikuwa ameanza kumeza nusu tembe ili zifike mwisho wa mwezi, halafu akaacha kabisa, kwa sababu "mimi nilipona." Mahali alipopelekwa walimwekea maji na kusema ni taifodi. Nilimpigia daktari wake wa kliniki, akaongea kwa simu na nesi, mathe akadungwa sindano ya haidrokotisoni. Baada ya masaa machache alikuwa ameketi, anauliza nani anaangalia duka.

Karo ya muhula uliofuata ililipa ile bili. Chuo niliacha. Sitaki pole, nasema tu ilivyokuwa.

Nilimuuliza yule daktari swali moja: mathe ana miaka mingapi ya kuishi? Akaniambia, "Inategemea anachofanya kila asubuhi." Jibu lilinikera. Nikaanza kusoma. Na nikagundua hilo jibu limechukua zaidi ya miaka mia moja kupatikana, na watu wengi walikufa njiani.

Mifupa ya Byrne

Turudi London. Byrne alijua anakufa, na alijua pia madaktari wanautaka mwili wake. Aliyeutaka zaidi ni John Hunter, daktari maarufu wa upasuaji na mkusanyaji wa mifupa. Byrne akaacha maagizo azikwe baharini, ndani ya jeneza la risasi, ndio asifikiwe. Hunter alihonga watu njiani, akaupata mwili, akauchemsha, akabaki na mifupa. Ile mifupa ilikaa kwenye kabati la vioo kwa zaidi ya miaka mia mbili, watu wakiiangalia kama walivyomwangalia akiwa hai.

Kwa muda mrefu hakuna aliyejua kilichomfanya vile. Mwaka 1886 daktari Mfaransa, Pierre Marie, ndiye aliyeupa ugonjwa huu jina la akromegali. Halafu mwaka 1909 daktari Mmarekani, Harvey Cushing, alifika London, na fuvu la Byrne likafunguliwa. Ndani, lile tandiko la Kituruki lilikuwa limepanuka sana. Uvimbe ulikuwa umelisukuma mfupa kutoka ndani. Miaka 126 baada ya kifo chake, Byrne akapata jibu lake.

Na stori haikuishia hapo. Mwaka 2011 watafiti walichukua vinasaba kutoka kwenye meno ya Byrne, wakapata hitilafu ileile waliyoipata kwenye familia zilizo hai leo Ireland ya Kaskazini. Walikadiria babu yao mmoja aliishi miaka kama 1,500 iliyopita. Yaani kuna watu leo wanaopimwa mapema na kutibiwa kwa sababu ya mtu aliyeibiwa mwili. Hiyo haihalalishi wizi. Mwaka 2023 lile jumba la makumbusho lilifunguliwa upya bila kuonyesha ile mifupa, ingawa bado wameihifadhi. Baharini bado hajafika.

Kupitia puani

Kujua ugonjwa ni kitu kimoja. Kuufikia ni kingine. Tezi iko katikati kabisa ya kichwa, imezungukwa na mishipa mikubwa ya damu na neva za macho. Ndio maana wagonjwa wengi huanza kwa kupoteza uwezo wa kuona pembeni.

Wamisri wa kale walijua kuna njia ya puani. Waliitumia kutoa ubongo wa maiti. Kuitumia kwa mtu aliye hai ni Hermann Schloffer, mji wa Innsbruck, Austria, Machi 1907. Mgonjwa wake aliamka, akaishi wiki kadhaa, kisha akafa. Enzi hizo hakuna dawa za kuua bakteria, hakuna MRI, taa ni balaa. Unaingia puani gizani.

Cushing akaichukua ile njia, akaiboresha. Kati ya 1910 na 1925 alifanya operesheni kama hizo 231, na waliokufa kwa sababu ya operesheni walikuwa kama asilimia 5.6. Kwa wakati huo hiyo ilikuwa kazi ya ajabu. Halafu akaiacha. Aliona kufungua fuvu kwa juu kunampa nafasi nzuri zaidi ya kuona na kuokoa macho ya mgonjwa. Na kwa sababu yeye ndiye alikuwa mkubwa wa wote, karibu dunia nzima ikaacha pamoja naye.

Karibu yote. Edinburgh kulikuwa na jamaa anaitwa Norman Dott. Huyu hakuanza kama daktari. Alikuwa mwanagenzi wa uhandisi, akapata ajali ya pikipiki akiwa kijana, akavunjika mguu, na kule hospitalini ndiko alikoamua kusomea udaktari. Alijifunza kwa Cushing huko Boston kabla mzee hajabadilisha mawazo. Akarudi Scotland, akaendelea na njia ya puani kimyakimya, miaka na miaka, wakati wengine wanaiona ya kizamani.

Mwaka 1956 Mfaransa Gérard Guiot alimtembelea Dott, akaona, akarudi Paris akaanza kuifanya mwenyewe, huku akitumia eksirei ya moja kwa moja kuona kifaa chake kimefika wapi. Kwa Guiot akaja Jules Hardy kutoka Montreal, Kanada. Hardy ndiye aliyeleta darubini ya upasuaji miaka ya sitini. Ghafla ungeweza kuona uvimbe wa milimita chache, ukautoa huo tu, na kuacha sehemu nzuri ya tezi. Mathe alipasuliwa kwa njia hiyo. Hana kovu usoni.

Hebu fikiria ule mnyororo: Cushing, Dott, Guiot, Hardy. Ni kama fundi wa jua kali anavyomfunza kijana wake. Mtu mmoja tu angechoka pale Edinburgh, huenda mathe angefunguliwa fuvu, au asifunguliwe kabisa.

Tembe ndogo

Sasa hii ndiyo sehemu ambayo sikuijua, na ndiyo ilikaribia kumuua mathe.

Pituitari ndiyo inaziambia tezi zilizo juu ya figo zitoe kotisoli. Kotisoli ndiyo inakushikilia mwili ukipata homa, ajali, au kutapika sana. Ukitoa uvimbe, mara nyingine tezi inabaki dhaifu na ile amri haitoki tena. Zamani mgonjwa angetoka thieta vizuri, familia ifurahi, halafu presha ishuke hadi chini na afe, na upasuaji wenyewe ulienda sawa.

Dawa ilikuja mwishoni mwa miaka ya arobaini. Mwaka 1948, kliniki ya Mayo huko Marekani, walimpa kotisoni kwa mara ya kwanza mgonjwa wa baridi yabisi. Edward Kendall, Philip Hench na Tadeus Reichstein wakapata tuzo ya Nobel mwaka 1950 kwa kazi ya homoni hizo. Watu hukumbuka viungo vilivyoacha kuuma. Lakini kwa wagonjwa wa pituitari, ile tembe ndiyo iliyofanya upasuaji uwe kitu unachoweza kuishi baada yake.

Kuna upande wa pili pia. Uvimbe mwingine wa pituitari husababisha kotisoli nyingi kupita kiasi. Huo ndio ugonjwa unaobeba jina la Cushing, aliouandikia mwaka 1932. Kabla ya tiba nzuri, karibu nusu ya wagonjwa walikuwa wamekufa ndani ya miaka mitano. Uvimbe wenyewe mdogo. Haujasambaa popote. Sio kansa. Na nusu wanakufa.

Waliokaa chini wakahesabu

Kufikia miaka ya sabini na themanini, mambo yalionekana fiti. Mashine ya CT ilianza kutumika kwa mgonjwa London mwaka 1971, baadaye MRI. Kukawa na tembe, kama bromokriptini, zinazoweza kunywesha uvimbe wa prolaktini hata bila kisu. Watu wakadhani kazi imeisha.

Halafu kukatokea watu waliokaa chini wakahesabu. Kule Gothenburg, Uswidi, Thord Rosén na Bengt-Åke Bengtsson walifuatilia wagonjwa 333 ambao tezi zao zilikuwa zimedhoofika, waliogunduliwa kati ya 1956 na 1987. Kwa umri wao, vifo vilivyotarajiwa vilikuwa kama 57. Vilivyotokea vilikuwa 104. Walichapisha hayo mwaka 1990. Sio uvimbe uliowaua. Wengi ni moyo na mishipa ya damu.

Mwaka 2001 Waingereza wakahesabu wagonjwa 1,014. Vifo vilivyotarajiwa: kama 97. Vilivyotokea: 181. Waliopata tiba ya mionzi walikuwa na hatari zaidi, na pia wale ambao homoni zao za uzazi zilipungua na hawakupewa za kuongezea.

Kwa akromegali, uchambuzi mmoja wa mwaka 2008 uliokusanya tafiti 16 ulionyesha hatari ya kufa ikiwa mara 1.72 ya watu wa kawaida. Lakini pale ambapo tiba ya kwanza ilikuwa upasuaji wa puani, ilishuka hadi 1.32. Na jambo lililojirudia ni hili: mgonjwa ambaye homoni yake ya ukuaji imerudishwa chini, na ikabaki chini, anakaribia kuishi umri wa mtu yeyote mwingine.

Soma hiyo tena. Umri wa mtu yeyote mwingine. Byrne na Wadlow hawakuwahi kupewa hata nafasi ya kubahatisha.

Kuna Mturuki anaitwa Sultan Kösen, mrefu mita 2.51. Naye alikuwa na uvimbe wa pituitari tangu utotoni. Mwaka 2010 alitibiwa kwa mionzi iliyolengwa, chuo kikuu cha Virginia, na kufikia 2012 madaktari walithibitisha ameacha kurefuka. Alizaliwa 1982. Amepita arobaini.

Maoni yangu

Nadhani tunapenda sana stori ya kisu. Harambee ni ya kisu. Posti ya "Mungu ametenda" ni ya siku ya kisu. Hakuna anayefanya harambee ya tembe. Hakuna anayechangisha nauli ya kliniki mwaka wa nane. Lakini namba zote nilizosoma zinasema watu hawa hawafi thieta siku hizi. Wanakufa baadaye, polepole, kwa moyo, kwa sukari isiyoangaliwa, au kwa ghafla, wakitapika nyumbani huku tembe imekwisha na kila mtu anasema ni taifodi.

Na sisi vijana ndio tunashika simu. Sisi ndio tunaweza kujua jina la dawa, kuiandika, kuweka kengele ya saa moja asubuhi.

Juzi nilimsimulia mathe stori ya Byrne. Alikuwa anapinda sketi ya shule, hata hakuinua kichwa. Nilidhani hasikii. Nilipofika mwisho akauliza, "Na huyo kijana wa watu, walimzika mwishowe?"

Nikamwambia, "Bado, mum."

Akanyamaza, cherehani ikasimama. "Na alikuwa rika lako?"

"Ndio. Ishirini na mbili."

Akavuta droo, akatoa ile pakiti ya tembe. Ilikuwa imebaki tembe tisa. Alizihesabu mbele yangu, moja moja, kama mtu anayehesabu pesa ya chama. Halafu akasema, "Nilikuwa nimeanza kuruka siku tena. Kesho utanipeleka kliniki."

Nimempeleka. Foleni ilikuwa ndefu, tulikaa kutoka saa mbili hadi saa nane. Damu imetolewa, majibu ni wiki ijayo.

Kama kwenu kuna mtu aliyewahi kutolewa uvimbe wa pituitari, fanya haya matatu leo. Moja, muulize anameza nini na pakiti imebaki na ngapi. Mbili, kama anatumia haidrokotisoni au dawa ya jamii hiyo, muandikie kadi ya kukaa kwa pochi: jina la ugonjwa, jina la dawa, na kwamba akitapika au akizirai anahitaji sindano haraka. Muulizeni daktari wake dozi ya siku za homa ni gani, kabla homa haijafika. Tatu, mjue tarehe yake ya kliniki.

Na kama pete imeanza kukubana, kiatu kimepanda namba mbili na hujanenepa, toa kitambulisho uangalie ile picha.